Mlima haukusema kitu, na OVG hawakuwa na bando

Tuanze na bando kwanza alafu ndo tupande mlimani. Oktoba 2020 mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa unaibeba OVG, yaani kile kituo cha serikali ya Kongo kinachoangalia volkano na matetemeko pale Goma, ulifika mwisho, hela ikakata na intaneti nayo ikakata. Mashine ziko huko milimani zinasikiliza kama kawaida ila taarifa haziji ofisini inavotakiwa manake hakuna wa kulipia mtandao, na hali ikawa hivo miezi na miezi mpaka Aprili 2021 ndo wakapatikana wafadhili wengine mambo yakarudi. Mwezi mmoja baadae, jumamosi tarehe 22 Mei, jioni jua limeshazama, Nyiragongo, ule mlima wa volkano ulio juu ya Goma, ukapasuka.

Sasa hapo mtu yeyote mwenye akili zake anaunga moja na moja. Hata mimi niliunga. Watu 32 hivi wamekufa, nyumba zaidi ya 3,000 zimekwenda, lava imeshuka mpaka Buhene, pembezoni mwa Goma, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege, na kibaya zaidi masaa ya kwanza taarifa iliyotoka ilisema mlima unaolipuka ni Nyamulagira, yule jirani yake aliye kama kilomita 13 pembeni. Yaani watu wanaiona mbingu nyekundu juu ya paa zao, washabeba godoro na watoto wanakimbilia mpaka wa Rwanda, alafu redioni wanaambiwa ni mlima mwingine. Usiku uleule hukumu ikapita mitandaoni, OVG wamelala, OVG wamekula hela, OVG wafungwe.

Alafu Septemba 2022 ukatoka utafiti kwenye jarida la Nature, umeandikwa na kundi la watafiti wakiwemo watu wa Goma wenyewe, na ule utafiti kwa kweli uliniharibia hoja yangu yote. Walichosema ni kwamba walirudi nyuma wakachambua data zote, mitetemo, setilaiti, gesi, kila kitu, na hawakuona dalili ya magma, yaani ule mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kupanda siku za kabla ya mlipuko. Mashine zilianza kuonyesha kitu kisicho cha kawaida kama dakika 40 tu kabla. Dakika 40! Hata ungekuwa na ofisi ya Wajapani pale Goma, intaneti ya mwendo wa umeme na watu hamsini wamekodolea skrini, dakika 40 ni za kupiga simu tatu na kubishana nani asaini tangazo.

Kwa nini mlima ulinyamaza, hii inabidi niieleze vizuri manake ndo kiini cha mambo yote. Volkano nyingi magma inakuwa chini sana, ikitaka kutoka inabidi ipande, na ikipanda inavunja miamba njiani, kila mwamba ukivunjika ni katetemeko kadogo, ardhi inavimba kidogo, gesi inaongezeka, kwaiyo mwenye mashine anakuwa na siku kadhaa au wiki za kujua mgeni anakuja. Nyiragongo hauko hivo. Una urefu wa mita 3,470 na kule juu ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, kuna ziwa la lava, lava iliyokwishapanda zamani, imekaa juu inachemka tu miaka na miaka. Fikiria tangi la maji juu ya mnara wa nyumba, limejaa mpaka juu. Siku ukuta wa tangi ukipata ufa, maji hayahitaji kupanda popote, yanamwagika tu. Ndo kilichotokea 2021, ukuta wa mlima ulichoka ukapasuka. Na lava yenyewe ya kule ni nyepesi kupita maelezo kwa sababu ina kidogo yale madini ya silika yanayoifanya lava iwe nzito, ukilinganisha na milima mingine ambayo lava yake ni kama ugali hii ni uji wa mgonjwa. Tarehe 10 Januari 1977 lile ziwa lote lilimwagika chini ya lisaa limoja, likashuka mteremkoni kwa spidi ya gari, makadirio ya kilomita 60 kwa saa na kuna wanaosema zaidi, na watu wa vijiji vya chini hawakupata hata nafasi ya kukimbia.

Kwaiyo OVG hawana kosa? Subiri kwanza.

Twende 2002. Mwaka ule, tarehe 17 Januari asubuhi, mlima ulipasuka upande wa kusini, nyufa zikafunguka kushuka mpaka karibu na Munigi, na lava ikaingia katikati ya mji, ikala mitaa ya biashara, ikafunika kipande cha kaskazini cha barabara ya ndege, ikaingia ziwani. Watu laki tatu na zaidi walivuka mpaka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda, kama laki moja na ishirini wakabaki hawana nyumba, waliokufa inakadiriwa ni zaidi ya mia moja, na makumi kati yao walikufa siku chache baadae pale kituo cha mafuta kilipolipuka watu wakiwa wanachota petroli. Lakini tofauti na 2021, safari ile mlima ulisema. Ulisema kwa miezi. Mitetemo ilianza kuongezeka tangu 2001, na mtaalamu wa palepale Goma, Dieudonné Wafula, alikuwa ameshaandika kwa watu wa nje kwamba mlima hauko sawa. Shida ni kwamba OVG wakati huo ilikuwa na mashine mbili tu za mitetemo zinazofanya kazi, moja Katale na nyingine Bulengo, katikati ya vita, na wafanyakazi wanaokuja kazini kwa mapenzi tu manake mshahara ulikuwa hadithi. Mashine mbili! Kwa mashine mbili huwezi hata kujua tetemeko limetokea wapi, unahitaji angalau tatu ili mistari ikutane. Mzee wa watu alikuwa anasikiliza kwa sikio moja na bado alisikia.

Unaona kinyume chake kilivyo? 2002 mlima unaongea masikio hakuna. 2021 masikio yapo, stesheni zilishafika zaidi ya kumi, na mlima ukakaa kimya. Alafu sisi tunaihukumu ile ofisi kwa swali moja tu miaka yote, "mbona hamkututabiria", kama vile ni waganga.

Sijui kama umewahi kuona stesheni yenyewe, manake jina kituo cha uangalizi wa volkano linakuletea picha ya jengo la vioo. Ni shimo. Shimo lililochimbwa kwenye jiwe jeusi, ndani kuna kitu kama sufuria yenye mfuniko, hicho ndo kipima mitetemo, juu yake sola moja, betri kama ya gari ndani ya kasha la chuma, nguzo yenye antena, na uzio. Sasa weka hiyo sola na hiyo betri kijijini ambako hakuna umeme, ambako watu wanachaji simu kwa mia mia, alafu jiulize itakaa siku ngapi. Zinaibwa sana tu. Na ukiwa fundi ukitaka kwenda kuweka betri nyingine kuna miaka njia ya kwenda kule iko mikononi mwa watu wenye bunduki, kwaiyo stesheni inakufa, unakaa unaangalia mstari uliolala kwenye skrini na hujui kama mlima umetulia au betri imeondoka.

Hapo ndo ninapowabana, na sio OVG peke yao. Ukosefu wa intaneti haukuwaua watu wa 2021, ule utafiti umeshatuonyesha hivo. Ulichoua ni haki ya ofisi kuaminiwa. Manake mkurugenzi akisimama leo akasema mlima haukutoa dalili, hata kama ni kweli tupu, raia wa mtaa wa Majengo pale Goma anamjibu wewe utajuaje na ulikuwa huna bando nusu mwaka? Na hana jibu. Ukweli alionao hauwezi kumsaidia. Na wengine wanasahau kwamba tarehe 22 Mei mtandao ulishakuwa umerudi, na ndo sababu zile dakika 40 zipo kwenye rekodi, ingekuwa mwezi wa pili au wa tatu tusingekuwa na utafiti mzuri namna ile wala tusingejua kama mlima ulisema au haukusema.

Alafu kuna tarehe 27 Mei, ambayo watu wanaisahau. Baada ya lava kusimama mji ulianza kutetemeka, siku nzima, usiku mzima, matetemeko mengine yanapita ukubwa wa 4 na hata 5, kuta zinapasuka Goma na Gisenyi. Kumbe magma ilikuwa imeshapita chini kwa chini, chini ya mji wenyewe, ikaenda mpaka chini ya Ziwa Kivu, safari ya zaidi ya kilomita 20, na kuna sehemu ilikuwa kama nusu kilomita tu chini ya miguu ya watu. Hapo mashine zilisikia na OVG wakasema. Usiku wa kuamkia tarehe 27 gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akatangaza mitaa 10 kati ya 18 iondoke, na watu kama laki nne wakaondoka, wengi njia ya Sake, kwa miguu, kwa pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebeba vitanda na mbuzi na bibi juu yake.

Na kwanini hofu ilikuwa kubwa hivo, ni lile ziwa. Chini ya Kivu kuna gesi iliyoyeyuka kwenye maji, kama kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na kama 60 za methani (Rwanda wanaitoa methani hiyohiyo wanatengenezea umeme). Nyos kule Kameruni ni kaziwa kadogo tu ukilinganisha na Kivu, na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 kalitema gesi watu zaidi ya 1,700 wakafa wamelala. Kwaiyo ukiwa wewe ndo mtu wa OVG, umeona magma inaelekea chini ya ziwa la namna hiyo na juu yake kuna mji wa watu labda milioni, utasema nini? Mimi ningesema ondokeni hata kama nina uhakika wa asilimia ishirini.

Waliondoka, na hakikutoka kitu. Magma ikapoa kulekule chini. Mwezi wa sita watu wakarudi kidogo kidogo, wengine wakakuta mlango umevunjwa tv haipo, na hapo ndo ukasikia tena, mlituhamisha bure. Yaani ofisi moja, wiki moja, imelaumiwa kwa kutosema na ikalaumiwa kwa kusema.

Waitalia wao walifika mahakamani kabisa. Tetemeko la L'Aquila, Aprili 2009, watu 309 wakafa, alafu mwaka 2012 wataalamu sita na afisa mmoja wakahukumiwa kifungo kwa sababu ya maneno ya kuwatuliza wananchi wiki moja kabla, na 2014 wataalamu wote sita wakaachiwa kwenye rufaa. Watu walicheka wakasema Waitalia wanawafunga wanasayansi kwa kushindwa kutabiri, lakini ukiisoma kesi ile vizuri ilihusu kuongea, nani aliwaambia watu nini na kwa maneno gani. Na mfano mzuri wa kuongea ni Ufilipino, Pinatubo 1991. Ofisi yao ya volkano, PHIVOLCS, pamoja na Wamarekani walikuwa na wiki chache tu, mlima haujalipuka karne kadhaa, wanakijiji hawaamini kama ni volkano kwa kweli. Walichofanya wakatembeza mkanda wa video unaoonyesha volkano nyingine zinavoua, wakawaonyesha wakubwa na raia, na wakaweka ngazi za tahadhari kwa namba, moja mpaka tano, kitu cha mtu kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mlipuko mkubwa wa tarehe 15 Juni ulikuta makumi ya maelfu wameshaondoka. Sawa, mlima wao ulitoa dalili, huo ni bahati. Ila watu waliondoka kwa sababu walielewa walichoambiwa.

Goma kuna mbao za rangi, kijani, njano, chungwa, nyekundu, wazo zuri tu. Nilipita huko mwaka mmoja kabla ya korona, na ubao niliouona mimi ulikuwa njano na yule kijana wa bodaboda aliyenibeba akaniambia huwa ni njano siku zote, tangu anaanza kazi hajawahi kuona rangi nyingine. Chini ya ubao mama mmoja amepanga mafungu ya makaa na kamba yake ya mwavuli kaifunga kwenye nguzo ileile. Na kitaalamu njano ndo sahihi, mlima ule hauwezi kuwa kijani hata siku moja, lakini rangi isiyobadilika inageuka ukuta, mtu haioni. Alafu tangazo refu lenyewe linatoka kwa kifaransa, karatasi yenye mhuri, lipigwe picha, lirushwe wasap, mtangazaji wa redio ndo alitafsiri kwa kiswahili anavojua yeye. Mji mzima unaongea kiswahili sokoni, kanisani, nyumbani. Maneno ya kuokoa roho yanafika yameshapita mikono mitatu.

Na hii inaniuma kwa sababu kiswahili cha Goma kimeshaipa sayansi neno lake. Mazuku. Wataalamu wa volkano dunia nzima wanaliandika hivohivo kwenye majarida yao, mazuku, ni ile hewa ukaa inayotoka ardhini na kujikusanya mashimoni na kwenye mabonde madogo ya jiwe la lava, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, kwa bahati mbaya upande huohuo ambao waliokimbia vita waliwekewa kambi. Haina rangi na ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwaiyo inalala chini kama maji. Unapita wewe mtu mzima, kichwa kiko juu, hujui hata kama umepita kwenye kitu, mbuzi nyuma yako anaanguka. Kuku anaanguka. Mtoto aliyetumwa kuokota kuni anainama na hainuki. Alfajiri ndo mbaya zaidi kabla jua na upepo havijaitawanya. Haya mambo hayahitaji utabiri wowote, sehemu zinajulikana, mazuku hahami, kinachotakiwa ni mtu wa kupima, kibao, na uzio, na mtu wa kurudi mwaka unaofuata kuangalia kama kibao bado kipo. Ila hakuna mfadhili anayepigwa picha na kibao.

Kuna swali ambalo halijawahi kuulizwa kwa sauti ileile tuliyoitumia kuwapigia kelele OVG. Mwaka 2002 Goma ilikuwa na watu kama laki nne. 2021 makadirio yanaanzia laki sita na kitu mpaka kupita milioni. Hao wote wamejenga wapi? Juu ya lava ya 2002, kuta zenyewe ni mawe ya lava ya 2002. Dario Tedesco, yule mtaalamu wa Kitaliano aliyekaa na mlima ule miaka mingi, alisema waziwazi mwaka 2020 kwamba ziwa la lava linapanda na hatari inakaribia ndani ya miaka michache. Huo ndo utabiri, na ulikuwa sahihi. Ni aina ya utabiri ambao haumkimbizi mtu usiku, unamuuliza anayegawa viwanja kwanini anagawa pale Buhene, na yeye hajafikishwa kwenye kipindi chochote cha redio.

Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji wa Goma. Sasa fundi wa OVG akiona kitu kwenye skrini leo anampigia nani, Kinshasa au wale waliopo? Nani anasaini tangazo la kuhamisha watu, na uwanja wa ndege umefungwa, na wanahamia upande gani?

Huku kwetu Tanzania tunajifariji kwamba sisi hatuna Nyiragongo. Tuna Ol Doinyo Lengai uliotoa majivu 2007 na 2008, na Julai 2007 kabla yake ukatuletea mitetemo mpaka Arusha na Nairobi watu wakatoka maofisini, tuna Meru ambao umelala tangu 1910 na mji mzima umekaa miguuni pake, na Bukoba Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua watu na kubomoa maelfu ya nyumba mchana kweupe. Dar tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika kama kumi na tatu, kitanda kikatembea. Baharini huko, ukubwa wa 6. Sisi gorofa yetu tulishuka wote na mashuka, kuna baba alishuka na rimoti mkononi. Mpaka nalala hakuna chochote kilichonifikia kwenye simu kutoka kwa mtu mwenye mashine. Kilichonifikia ni voisi, na nimeitumiwa kwenye magrupu manne, bado ninayo. Sauti ya mwanaume, haina haraka, kiswahili kizuri kabisa cha mtu aliyezoea kuongea na watu, anasema jamani ndugu zangu msirudi ndani, saa saba kamili litapiga jingine kubwa kuliko hili. Saa saba ikafika tumekaa kwenye ngazi za parking. Ikapita. Mama wa chini akasema tusubiri mpaka saa nane, labda saa yake imechelewa.